Nani athibitishe? Yaliyojificha katika kisa cha petroli yenye risasi

Rasimu ya sheria inapoletwa, iwe ya akili mnemba, ya dawa au ya kemikali za viwandani, ubishi hauchelewi kuangukia kwenye ushahidi: upo wa kutosha au haupo? Swali ambalo husahaulika, na kwa maoni yetu ndilo zito zaidi, ni nani anayepaswa kuuleta. Muuzaji athibitishe kuwa bidhaa yake ni salama, au mtumiaji athibitishe kuwa imemdhuru? Petroli yenye madini ya risasi inafaa kutufundisha hapa, kwa kuwa habari zake tunazijua mwanzo hadi mwisho.

Desemba 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors huko Dayton, Marekani, aligundua kwamba kemikali yenye risasi, hata ikitiwa kidogo tu kwenye petroli, huzuia injini kugonga, yaani mlio wa kugongagonga unaotokea mafuta yakiwaka vibaya ndani yake. Ethanoli nayo iliweza kazi hiyo, na wahandisi wale walijua. Ila ethanoli yeyote angeweza kuitengeneza, na hakuna ambaye angeimiliki kwa hataza. Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo jipya hata kidogo. Warumi wa kale walikwisha kuliandika.

Oktoba 1924 wafanyakazi watano waliokuwa wakitengeneza kemikali hiyo New Jersey walikufa, baadhi wakiwa wamerukwa na akili, na wenzao zaidi ya 30 wakalazwa. Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kemikali yenyewe mbele yao, kisha akavuta mvuke wake, kuonyesha kwamba haina neno. Hakuwaambia kuwa mwaka uliotangulia yeye mwenyewe aliugua kwa sumu ya risasi.

Serikali iliitisha mkutano Washington mwaka 1925. Alice Hamilton, daktari bingwa wa maradhi ya kazini, alionya wazi. Wenye viwanda wakajibu: tuonyesheni madhara kwa umma. Kamati iliyoundwa ilikuwa na miezi michache tu, na Januari 1926 ikasema haioni sababu ya kutosha ya kupiga marufuku, ila uchunguzi uendelee. Uchunguzi huo serikali haikuufanya. Kwa takriban miaka 40 iliyofuata, sehemu kubwa ya utafiti kuhusu risasi ililipiwa na wenye kuiuza. Basi mtu akisema "hakuna ushahidi", ni haki kumuuliza kama kuna aliyetumwa kuutafuta.

Ushahidi uliletwa na watu wa pembeni. Clair Patterson, mwanajiokemia aliyekuwa akipima umri wa dunia, alikuta vipimo vyake vinaharibiwa na risasi iliyotapakaa kila mahali, hadi akalazimika kujenga maabara isiyopenyeza vumbi. Mwaka 1965 alichapisha hoja kwamba risasi iliyomo miilini mwa watu wa leo imepita mbali kiwango cha asili. Kisha Herbert Needleman, daktari wa watoto, akakusanya meno ya utotoni yaliyong'oka ya wanafunzi wa shule karibu na Boston. Jino huhifadhi risasi kwa sababu mwili huichukulia kama kalsiamu. Mwaka 1979 alionyesha kuwa watoto wenye risasi nyingi menoni walipata alama za chini katika vipimo vya akili, ingawa hakuna aliyekuwa amewaona kuwa wagonjwa.

Ajabu ni kwamba wakati huo petroli isiyo na risasi ilikuwa tayari inauzwa Marekani, na si kwa ajili ya watoto. Magari ya mwaka 1975 yalifungwa kifaa cha kusafisha moshi, na risasi ilikiharibu. Kulinda kifaa kulikuwa rahisi kuliko kulinda ubongo, maana uharibifu wa kifaa ulikuwa na mtu wa kulalamika mara moja.

Afrika kusini mwa Sahara iliazimia kuachana na petroli yenye risasi mkutanoni Dakar, Juni 2001, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeacha. Tusijisifu kupita kiasi: mbadala ulikwisha kuwepo, na waliofaidika na risasi walibaki wachache. Algeria ilimaliza mwezi Julai 2021, ikiwa nchi ya mwisho duniani.

Mzigo wa kuthibitisha unaweza kuhamishwa. Tangu 1962 sheria ya Marekani inamtaka mtengenezaji wa dawa aonyeshe kwamba inatibu kweli kabla ya kuiuza. Kanuni ya kemikali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika mwaka 2007, inasema bila taarifa hakuna soko. Sheria yao ya akili mnemba ya 2024 inafuata njia hiyo kwa mifumo yenye hatari kubwa, kama ile inayochuja waombaji kazi. Gharama ipo: dawa njema huchelewa, na kampuni ndogo huelemewa na makaratasi. Ndiyo maana mzigo huo hauwezi kuwa sawa kwa kila kitu. Uwe mzito pale ambapo madhara hayarudishwi nyuma, na ubongo wa mtoto ni mahali pa namna hiyo.

Risasi yenyewe bado imo katika rangi za nyumba. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa hakizidi sehemu 90 kwa milioni, na nchi nyingi hazina sheria yoyote juu yake. Rasimu kama hiyo ikifika bungeni kwenu, soma kwanza kifungu kinachosema nani atapima rangi kabla haijaingia dukani, na kwa fedha za nani.