Damu Kwenye Choo Isiitwe Bawasiri Kabla ya Kupimwa

Saratani ya utumbo mpana ni nini?
Ni saratani inayoota katika ukuta wa ndani wa utumbo mpana au wa puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo inayoishia kwenye njia ya haja kubwa. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kisichouma, ambacho huchukua takriban miaka 10 kugeuka saratani, na kikiondolewa mapema hakipati nafasi ya kugeuka.

Ninatokwa na damu ninapojisaidia. Si bawasiri tu?
Huenda ni bawasiri, lakini wewe huwezi kulijua hilo, wala muuza dawa hawezi kulijua kwa kukusikiliza dirishani. Tunapokea watu waliojitibu bawasiri mwaka mzima, wanaokuja na mfuko wa dawa za kupaka na chupa za mitishamba, na daktari akiingiza kidole chenye glavu anagusa uvimbe mgumu uliokuwapo muda wote. Kipimo hicho hakimalizi dakika tano.

Mbona niliwahi kupimwa nikaambiwa ni bawasiri?
Bawasiri haimkingi mtu na saratani. Anaweza kuwa na vyote viwili. Damu ikirudi, pimwa upya.

Na kama imekoma baada ya dawa?
Pimwa vilevile. Uvimbe wa saratani huvuja damu kwa vipindi, kwa hiyo kukoma kwake hakuthibitishi kwamba dawa imeponya chochote.

Nina miaka 30 tu.
Hatari huongezeka kadiri umri unavyosogea, lakini vijana nao huugua. Pimwa.

Dalili nyingine ni zipi?
Choo kubadilika kwa wiki kadhaa, kuhisi haja hata baada ya kutoka chooni, na kukonda bila sababu. Uvimbe ulio upande wa kulia huvuja damu isiyoonekana kwa macho, hivyo mgonjwa hulalamikia uchovu tu. Mwanamume mwenye upungufu wa damu usio na maelezo asirudishwe nyumbani na vidonge vya madini ya chuma bila utumbo wake kuchunguzwa, na hili nawaambia hata wahudumu wenzangu.

Nijikinge vipi?
Acha sigara, punguza pombe, soseji na nyama nyekundu, kula maharage, mboga na ugali wa dona, na uushughulishe mwili. Ikiwa mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua, muulize daktari kuhusu kolonoskopia, yaani kipimo cha kutazama ndani ya utumbo mpana kwa mrija wenye kamera, ufikapo miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa nao, kutegemea lipi linatangulia. Hizo dawa za "kusafisha utumbo" zinazouzwa mitandaoni hazing'oi kinyama chochote.