Huli nyama na umepima damu: hizo namba zinakwambia ule nini? Maswali na majibu

Sili nyama wala samaki, ila maziwa na mayai natumia. Nikienda maabara niombe vipimo gani?

Achana na yale mapaketi ya vipimo arobaini, mengi utaishia kuogopa vitu ambavyo hata havihusiani na chakula. Anza na FBP (picha kamili ya damu), feritini (akiba ya chuma mwilini), vitamini B12 na vitamini D, alafu sukari ya miezi mitatu ile HbA1c, na mafuta ya damu. Ukiweza ongeza na CRP, ni kipimo kidogo tu cha kuonyesha kama mwilini kuna uvimbe au maambukizi, sababu yake utaiona hapo chini.

Hemoglobini yangu iko sawa, si inatosha jamani?

Haitoshi. Mwili ukikosa chuma unakula akiba kwanza, hemoglobini inakuja kushuka mwishoni kabisa stoo ikishakauka, kwa hiyo unaweza kuwa na wingi wa damu mzuri tu na huku nywele zinakatika na ngazi mbili zinakutoa pumzi. Stoo yenyewe ndo feritini. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, hemoglobini chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito na chini ya 13 kwa mwanaume ni upungufu wa damu, na feritini chini ya 15 kwa mtu mzima ambaye haumwi kitu ni kwamba akiba imeisha. Madaktari wengi hawasubiri ifike huko, ikishuka tu chini ya 30 wanaanza kuuliza maswali.

Sasa feritini ina tabia moja mbaya, inapanda ukiwa na homa, maambukizi au uvimbe wowote. Umepima ukiwa na mafua makali ikaja 60, unafurahi kumbe ni mafua ndo yameipandisha. Ndo maana ya ile CRP, ikiwa juu usiiamini hiyo feritini, subiri upone ukapime tena.

Karatasi ina vifupisho kibao, naisomaje?

Usisome mstari mmoja mmoja ukitafuta palipoandikwa H au L, hapo ndo watu wengi wanapotea. Mistari inasomwa kwa kulinganishwa. Chukulia hii karatasi ya mfano, mwanamke ambaye hajala nyama kwa miaka mingi: hemoglobini 12.1, MCV 88, RDW 17, feritini 9, B12 170.

Mtu wa haraka ataona hemoglobini imepita, na MCV, yaani ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu, iko katikati ya 80 na 100 kama inavyotakiwa, atamwambia uko vizuri dada nenda nyumbani. Lakini chuma kikipungua chembe zinakuwa ndogo, B12 ikipungua zinakuwa kubwa, na vikipungua vyote viwili kwa pamoja ndogo na kubwa zinachanganyika alafu wastani unatoka mzuri kabisa. Kinachomuumbua ni RDW, inayopima jinsi chembe zinavyotofautiana ukubwa, kawaida inaishia kwenye 14 na kitu, hapa ni 17. Ukirudi kwenye feritini 9 na B12 170 (chini ya 200 pg/mL huhesabiwa ni upungufu) unaona kabisa ana matatizo mawili na sio moja.

Kinyume chake pia kipo, chembe ndogo huku feritini imejaa. Hapo usikimbilie vidonge vya chuma, inaweza kuwa ni kitu cha kurithi kama thalasemia ndogo, na chuma cha ziada hakitakusaidia, kinaweza hata kukudhuru.

Huyo dada sasa ale nini?

Chuma kwanza. Chuma cha mimea kipo kwenye dengu, maharage, soya, ufuta, mboga za majani za kijani kibichi, shida ni kwamba mwili unakifyonza kwa tabu kuliko cha nyama. Ukila na kitu chenye vitamini C hapo hapo kwenye mlo, limau, chungwa, nyanya mbichi, pilipili hoho, ufyonzaji unapanda vizuri tu. Chai na kahawa zinazuia, kwa hiyo zisogeze mbali na mlo angalau saa moja, na kwa maoni yangu hili peke yake ni muhimu kuliko kutafuta unga sijui wa mmea gani. Maharage na dengu ziloweke, zikichipua ndo bora zaidi.

Ila feritini 9 kwa chakula peke yake itachukua muda mrefu sana, hapo daktari huwa anaongeza vidonge. Na usidhani ukimeza viwili viwili kila siku ndo utawahi, dozi ikiingia ini linatoa homoni inaitwa hepsidini inayopunguza ufyonzaji wa dozi inayofuata, ndo maana wengine wanaandikiwa kumeza siku moja na kuruka siku moja. Muulize wako.

Na B12? Nasikia spirulina na uyoga zinatosha.

Hazitoshi, hapa sina lugha laini. Ile ya kwenye spirulina kwa sehemu kubwa ni kitu kinachofanana tu na B12 ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Mayai na maziwa yanayo ya kweli, ila lazima uyatumie kila siku na kwa kiasi cha maana, asiyetumia kabisa anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa, basi. Kinachowadanganya watu ni ini, linatunza akiba ya miaka, unaacha nyama unajiona mzima mwaka wa kwanza, wa pili, alafu ganzi inaanza vidoleni. Tena mla mboga anapata foliki asidi nyingi, na hiyo inaweza kuficha dalili za kwenye damu wakati mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Unayemeza metformini (dawa ya kisukari) au omeprazoli (dawa ya asidi ya tumbo) kwa muda mrefu uko kwenye hatari zaidi.

Kalsiamu yangu kwenye damu iko safi, kwa hiyo nakula ya kutosha?

Hapana, ikipungua mwili unachomoa kwenye mifupa kuirudisha. Kalsiamu angalia sahani yako, sio damu. Zinki nayo kipimo chake cha damu hakiaminiki sana.

Sili nyama ila HbA1c imekuja 5.9, inakuwaje?

Kuanzia 5.7 hadi 6.4 ni hatua ya kabla ya kisukari, na mkate mweupe, wali, chipsi na juisi vyote havina nyama. Punguza wanga uongeze dengu na mboga. Ila kama una upungufu wa damu wa chuma, HbA1c inaweza kupanda kwa uongo, tibu chuma kwanza alafu upime upya.

Kuna wanaopanga chakula kwa grupu la damu, au kile kipimo cha IgG (aina ya kingamwili za damu) cha vyakula mia?

Grupu la damu, mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walilichunguza wakakuta faida za hizo diet hazitegemei grupu lako hata kidogo. IgG inaonyesha tu kwamba chakula hicho umekila, watu wanaacha soya na maharage bure kwa sababu ya karatasi hiyo, na kwa asiyekula nyama hivyo ndo vyakula vyenyewe.

Nirudie lini?

Chembe nyekundu inaishi kama siku 120, kwa hiyo miezi mitatu ni muda mzuri, maabara ile ile ikiwezekana, na angalia vipimio kabla ya kulinganisha maana vitamini D ya 20 ng/mL na ya 50 nmol/L ni kitu kimoja. Kama unameza biotini ya nywele waambie, inavuruga baadhi ya vipimo, vya tezi ya shingo hasa. Mwanaume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na chuma kidogo asisingizie mboga, aende akachunguzwe kama kuna sehemu ya tumbo inavuja damu.