Kabla ya Kutia Saini Fomu ya Ridhaa ya Utafiti

Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, hutibu, hufundisha na hufanya utafiti. Mgonjwa anayetoka Rombo au Same huja kutafuta matibabu tu, ndiyo maana hushangaa anapoona kitanda chake kimezungukwa na wanafunzi wa udaktari, au anapofuatwa na mtu mwenye fomu akiombwa ashiriki katika utafiti.

Mwanafunzi anayekupima husimamiwa na daktari, nawe unaweza kukataa asikuguse. Utafiti unahitaji maelezo marefu zaidi. Matibabu hulenga kukuponya wewe, ilhali utafiti hutafuta jibu ambalo bado halijapatikana, na faida yake huenda ikamfikia mtu mwingine kabisa. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, Korogwe na Bagamoyo zikiwa miongoni mwa vituo. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza itumike kwa upana, Oktoba 2021, watoto wale walikuwa wamekwishapita umri wa kuchanjwa.

Kwa kuwa anayebeba usumbufu si lazima awe ndiye atakayenufaika, daktari haruhusiwi kuanza utafiti kwa uamuzi wake peke yake. Mpango hupitiwa na kamati ya maadili ya chuo na ile ya taifa iliyo chini ya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na majaribio ya dawa au chanjo huhitaji pia kibali cha TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Kinachonisumbua zaidi ni haraka ya kusaini. Kwetu daktari huheshimiwa mno, na wagonjwa wengi husema “sawa daktari, wewe ndiye unayejua” kabla hawajafika ukurasa wa pili. Ridhaa ya namna hiyo hujaza karatasi tu. Uliza damu yako itahifadhiwa kwa muda gani na kama itapelekwa nje ya nchi. Uliza nani atagharamia matibabu ukipata madhara, na kama nauli ya kurudi kliniki itarejeshwa. Katika utafiti wa dawa, uliza pia nani atapewa dawa ipi, kwa sababu mara nyingi hupangwa kwa bahati nasibu. Unaweza kwenda na fomu nyumbani ukashauriane na jamaa zako. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, kisha huweka dole gumba. Mtoto hutolewa ridhaa na mzazi au mlezi, lakini akiwa na umri wa kuelewa naye huulizwa, na sioni sababu ya kulipuuza jibu lake.

Unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida yataendelea. Dai nakala yako ya fomu na hakikisha ina namba ya simu ya kamati ya maadili, kwani malalamiko dhidi ya mtafiti hayafai kupelekwa kwa mtafiti huyohuyo.