Je, wajua kwa nini Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, hula RAM nyingi kuliko ukubwa wa mradi wenyewe?

Umepiga `git push` ili kutuma kazi yako kwenye seva, skrini ikaandika "Delta compression using up to 8 threads", feni ikaanza kuvuma, kisha kompyuta ikaganda. Au ni seva ya kukodi yenye RAM ya GB 1, na jibu ni fupi zaidi: "pack-objects died of signal 9". Maana yake Linux imeona kumbukumbu inakwisha, ikaiua programu ili mashine ipone. Ukipima ripo yako (folda ya mradi pamoja na historia yake), haifiki hata GB 2. Sasa RAM yote hiyo imekwenda wapi?

Jibu limo kwenye huo mstari wa thredi 8 (kazi zinazoendeshwa sambamba), ambao wengi wetu huupita bila kuusoma.

Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, huhifadhi kila toleo la faili likiwa zima. Ukibadilisha herufi moja, nakala nyingine kamili huandikwa, ila imebanwa. Nafasi ya diski huokolewa baadaye, wakati wa kufungasha: unapopiga `git gc`, `git repack`, au unapotuma kazi kwenye seva. Hapo programu ya ndani iitwayo pack-objects hutafuta mafaili yanayofanana, huliacha moja kamili, na mengine huyaandika kama tofauti tu. Tofauti hiyo ndiyo delta.

Ili kupata delta ni lazima kulinganisha, na faili lililobanwa halilinganishiki. Linafunguliwa lote ndani ya RAM. Git huyashika mafaili 10 kwa pamoja, na hilo ndilo dirisha lake, `pack.window`. Faili jipya likiingia, la zamani linatoka. Kwa msimbo wa kawaida, wenye mafaili ya KB chache, hutaona lolote.

Mambo huharibika pale mafaili yanapokuwa manene. Kabla ya kulinganisha, Git huyapanga kwenye foleni kwa aina, kisha kwa jina, ikitazama zaidi herufi za mwisho, kisha kwa ukubwa, makubwa yakitangulia. Ni mpango mzuri, maana matoleo ya faili moja hukaa jirani. Lakini matokeo yake ni kwamba mabango yako yote ya Photoshop yanayoishia na .psd hukusanyika mahali pamoja na kuingia dirishani pamoja. Hali mbaya kabisa inakuwa ndiyo hali ya kawaida.

Halafu kila thredi ina dirisha lake. Usipoiambia kitu, Git huhesabu viini vya prosesa na kufungua thredi kwa idadi hiyo. Piga hesabu: mafaili 10, kila moja MB 100, mara thredi 8. Hiyo ni GB 8, na bado hujaweka faharasa ambazo Git hujenga ili kulinganisha haraka. Ukomo wa kumbukumbu ya dirisha, `pack.windowMemory`, umewekwa 0 tangu kiwandani, yaani hakuna ukomo. Ndiyo maana kompyuta yenye viini vingi inaweza kuzidiwa na kazi ambayo ya zamani yenye viini viwili iliimaliza taratibu.

Kabla ya kutibu, pima. Ukifungua `top`, programu inayoonyesha matumizi ya kumbukumbu, usitishwe na safu ya VIRT (anwani zote zilizochukuliwa). Git huyaunganisha mafaili ya pakiti (yale yaliyofungashwa) moja kwa moja na anwani za kumbukumbu, na kwenye mfumo wa biti 64 haioni shida kuchukua anwani nyingi sana. Kurasa hizo Linux huweza kuzitupa wakati wowote. Tazama RES (RAM inayokaliwa kweli), kisha toa SHR (sehemu inayoweza kushirikiwa na programu nyingine). Njia safi zaidi ni hii:

`/usr/bin/time -v git repack -adf`

Mwishoni soma mstari wa "Maximum resident set size". Herufi f inailazimisha Git kuzitafuta delta upya. Bila hiyo hutumia tena za zamani, nawe utadhani umepona.

Sasa dawa, na mimi ningeanza na hizi tatu:

`git config pack.threads 1`
`git config pack.windowMemory 256m`
`git config core.bigFileThreshold 50m`

Ya kwanza hupunguza kizidishi. Ya pili ni ukomo wa kila thredi, si wa jumla, kwa hiyo thredi 4 zitakula hadi GB 1 kwa madirisha peke yake. Ya tatu huiambia Git isihangaike kutafuta delta kwa faili linalozidi MB 50. Kiwango cha kawaida ni MB 512, ambacho ni kikubwa mno kwa mashine ndogo. Kwa video na zip unaweza pia kuandika `*.mp4 -delta` ndani ya .gitattributes, faili la mipangilio ya ripo. Vitu hivyo vimeshabanwa, delta haivipunguzii kitu cha maana.

Ushauri mbili zinazozunguka mtandaoni ziache. Moja ni kupandisha `http.postBuffer`, nafasi ya RAM ya kushikilia data inayotumwa kwa HTTP, hadi 524288000. Hiyo ni MB 500 zinazotengwa nzima nzima hata kama unatuma mistari mitatu. Nyingine ni `git gc --aggressive`, ambayo hupanua dirisha kutoka 10 hadi 250. Kwa mtu anayelia RAM, huko ni kumwagia petroli motoni.

Kufuta faili kubwa nako hakusaidii, kwani bado limo kwenye historia. Git LFS, nyongeza inayoweka mafaili makubwa nje ya ripo, hulinda kazi inayokuja. Yaliyopita huondolewa kwa `git filter-repo`, zana ya kuandika historia upya, na baada ya hapo timu nzima italazimika kunakili ripo upya.

Na kama kinachoanguka ni `git clone`, yaani kunakili ripo kutoka seva, chunguza seva pia, kwa sababu yeye ndiye anayefungasha. Wewe unaweza kumpunguzia mzigo kwa `--depth 1` (toleo la mwisho tu, bila historia), au `--filter=blob:none` (bila maudhui ya mafaili hadi yatakapohitajika) kama seva inaruhusu. Msimamizi naye akishaweka thredi 1 na ukomo wa dirisha, aipange `git repack -adf` iende usiku, mara moja tu, ili asubuhi seva itoe delta zilizokwisha kutengenezwa badala ya kuzitafuta upya kwa kila anayenakili.