Kwa nini Mhispania husema "tengo" na si "teno"

Kambi ya Horombo, njiani kuelekea kilele cha Kilimanjaro, iko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Jua likishazama hapo, chai ndiyo kila kitu. Nilikuwa bado msaidizi wa mwongoza wageni, Kihispania changu kina miezi mitatu, nilipomwona mama mmoja kutoka Hispania amejikunyata kwenye kona ya bwalo. Nikamwuliza: "¿Está fría, señora?" Sentensi ile nilikuwa nimeitunga kwa Kiingereza kichwani, ndipo nikaigeuza. Kumbe kwa Kihispania nilimwuliza kama amepoa, kama supu inavyopoa. Alinielewa, akanijibu polepole ili niisikie kila silabi: "Tengo frío, hijo. Tengo mucho frío."

Tengo, yaani nina. Nina baridi, mwanangu. Usiku ule niligundua kwamba miezi mitatu nzima nilikuwa nikizunguka mbali kwenda mahali ambapo Kiswahili kingenifikisha kwa hatua moja.

Kitenzi chenyewe kinaitwa tener, na maana yake ni "kuwa na". Huwezi kuongea Kihispania dakika mbili bila kukitumia. Hakitaji mali tu. Kinabeba pia umri na hali nyingi za mwili, karibu sawasawa na "-na" yetu. Tengo treinta años ni nina miaka 30. Tengo hambre, nina njaa. Tengo sed, nina kiu. Tengo sueño, nina usingizi. Tengo prisa, nina haraka. Tengo fiebre, nina homa. Tengo suerte, nina bahati. Karibu katika orodha hiyo yote, isipokuwa homa, Mwingereza atasema "mimi ni" hivi au vile, na ndiyo maana anayejifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza huteleza papo hapo. Pitia Kiswahili. Ukijikuta unataka kusema "nina", mara nyingi tener ndiyo jibu.

Mara nyingi, si kila mara. Sisi husema fulani ana mimba, lakini Mhispania husema está embarazada, kwa kitenzi kingine kabisa, estar, kama sisi tunaposema ni mjamzito. Na tunaposema "umesema kweli", yeye husema tienes razón, kana kwamba ukweli ni kitu ulichokikamata mkononi.

Sasa tuje kwenye kukinyumbua, yaani kukibadili kulingana na nafsi na wakati. Kiswahili huweka nafsi mwanzoni mwa kitenzi: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Kihispania huiweka mkiani. Kwa kuwa mkia tayari umeshataja mtenda, neno yo, yaani mimi, huachwa bila hasara, kama sisi tunavyosema "nina" bila kutanguliza "mimi". Kwa wakati uliopo, tener huwa hivi:

tengo – nina
tienes – una
tiene – ana
tenemos – tuna
tenéis – mna
tienen – wana

Anayefahamu vitenzi vya kawaida vinavyoishia na -er, kama comer (kula), angetegemea mengine: como, comes, come, comemos, coméis, comen. Kwa kanuni hiyo tungepata teno, tenes, tene, tenemos, tenéis, tenen. Kati ya hayo sita, mawili tu ndiyo sahihi. Hapo ndipo vitabu huandika "kitenzi kisichofuata kanuni", kisha humwachia mwanafunzi kazi ya kukariri. Mimi sikubaliani na mtindo huo. Kila upotovu wa tener una sababu, na baadhi ya sababu hizo unazo tayari mdomoni, kwa kuwa unasema Kiswahili.

Tuanze na tienes, tiene na tienen. Ile e ya mzizi imepasuka ikawa ie. Ziseme kwa sauti usikie mkazo unapoangukia: TIE-nes, TIE-ne, TIE-nen. Kisha sema te-NE-mos, te-NÉIS. Mkazo ukiwa juu ya mzizi, e hupasuka. Mkazo ukihamia mkiani, e hubaki salama. Kihispania kilizaliwa na Kilatini, na katika safari hiyo e fupi ya Kilatini iliyobeba mkazo iligeuka ie. Ndivyo terra ilivyokuwa tierra, ardhi. Ndivyo pia querer (kutaka) huwa quiere, na pensar (kufikiri) huwa piensa.

Je, Kiswahili kina kitenzi kinachobadilika kwa sababu ya mkazo? Tazama kula. Tunasema "anasoma" wala si "anakusoma" kwa maana ya kusoma kitabu, lakini tunasema "anakula", na ile ku- haitoki. Mzizi -la ni silabi moja, mkazo wetu hupenda silabi ya pili kutoka mwisho, na -na- ya wakati haiwezi kuubeba. Ku- hubaki ili iubebe. Isipohitajika hutoweka: hali, ale. Hakuna mtoto wa Tanga aliyefundishwa hilo ubaoni. Mtoto wa Madrid naye hajafundishwa kwamba tiene hupasuka na tenemos haipasuki.

Ushahidi mzuri zaidi uko Argentina na Uruguay. Huko, badala ya tú, yaani wewe, watu humwita rafiki vos, na kwa vos mkazo huangukia mkiani: vos tenés. Hakuna mpasuko. Watu wamebadilisha kiwakilishi, na kanuni ya mkazo imewafuata bila kuitwa.

Ile g ya tengo inakaa kwa nafsi ya kwanza umoja peke yake. Katika Kilatini neno lilikuwa teneo, lisilo na g. Ni vitenzi kuigana: vengo (ninakuja), pongo (ninaweka), salgo (ninatoka), tengo. Wajifunze pamoja kama ndugu wa tumbo moja, utaokoa wiki nzima. Na usiidharau hiyo g, maana tutairudia.

Wakati ujao ndipo niliposhangaa kuliko kote. Kwa kawaida Kihispania huchukua kitenzi kizima na kukiongezea mkia: comer huwa comeré, nitakula. Tener ingekuwa teneré. Badala yake ni tendré, tendrás, tendrá, tendremos, tendréis, tendrán. Kilichotokea ni kwamba e ya katikati ilimezwa katika usemi wa haraka, n na r zikakutana ana kwa ana, na ulimi ukapachika d katikati ili upite. Sasa sema: mti mrefu, njia... Ulisema nini? Ndefu. Kiambishi n kilipokutana na r ya -refu, d ikajitokeza. Kwetu d imechukua nafasi ya r, kwao imekaa kando yake, ila tatizo la ulimi ni lile lile. Venir na poner nazo hufanya hivyo hivyo: vendré, pondré.

Wakati uliopita unahitaji subira, kwa sababu Kihispania kina mbili na Kiswahili huzitenganisha kwa njia nyingine. Ya kwanza ni tenía, tenías, tenía, teníamos, teníais, tenían. Hii inafuata kanuni barabara, na maana yake ni "nilikuwa na": hali iliyokuwapo, bila kuonyesha ilianza wala kuisha lini. Ya pili ni tuve, tuviste, tuvo, tuvimos, tuvisteis, tuvieron, na hapa mzizi wote umebadilika. Zamani ilikuwa tove, kwa kuiga ove ya kitenzi kisaidizi haber. Baadaye o ikawa u katika vyote viwili, tukapata tuve na hube. (Hiyo v hutamkwa kama b laini.) Mkazo wa tuve na tuvo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mdomo wa Mswahili hauhangaiki, tofauti na comí na comió ambazo mkazo wake uko mwishoni.

Kuhusu maana, waalimu wengi husema tuve ni "tukio lililokamilika". Ni kweli, lakini maelezo hayo hayakunisaidia. Kilichonisaidia ni neno moja: kupata. Tuvo un accidente, alipata ajali. Tuve una idea, nilipata wazo. Tuvo un hijo en 2015, alipata mtoto mwaka 2015. Ukisema tenía un hijo, umesema alikuwa na mtoto, tayari yupo. Kila ninapojikwaa kati ya tuve na tenía, najiuliza kama kwa Kiswahili ningesema "nilipata" au "nilikuwa na", na jibu huja.

Tofauti hiyo huwa kali zaidi kwenye tener que, ambayo ni namna ya kusema "lazima". Tengo que bajar, lazima nishuke. Mgeni akikuambia tuve que bajar, ujue alishuka: ilimbidi, akafanya. Akikuambia tenía que bajar, alipaswa kushuka, lakini hajakuambia kama alishuka. Kwa mwongoza watu milimani hilo si jambo dogo.

Tuirudie ile g. Kihispania kina namna maalumu ya kitenzi kwa matakwa, maombi na matumaini, kazi ambayo sisi huifanya kwa kugeuza -a ya mwisho kuwa -e: niende, aje, usome. Kwa vitenzi vya -er mwendo ni kinyume, huishia na a, na huanzia kwenye umbo la yo. Chukua tengo, toa o, weka a: tenga, tengas, tenga, tengamos, tengáis, tengan. G iliyokuwa ya nafsi moja sasa imeenea kwa wote. Na maneno haya husikika kila siku: que tengas buen viaje, uwe na safari njema. Kwa mtu wa kuheshimiwa, que tenga buen viaje, kwa kuwa usted, yaani "wewe" ya heshima, ambayo ilitokana na vuestra merced, huchukua umbo la nafsi ya tatu. Kijana wa kwetu asingemwamkia mama wa watu "mambo", na mbele ya mgeni mwenye umri wa mama yako tiene na tenga ni salama kuliko tienes na tengas.

Wala tusimlaumu Mhispania kwa kitenzi chake kilichopinda. "Nina" yetu haina alama ya wakati, na ukitaka kuipeleka jana inakataa: lazima uite kuwa, useme "nilikuwa na". Lugha huchakaza yale maneno yanayoshikwa kila saa.

Kushikwa ndiko hasa mzizi wa mambo. "Nina" hutokana na "na" ya kuwa pamoja: nina kitabu, mimi pamoja na kitabu. Tener hutokana na tenere ya Kilatini, kushika. Ndiyo maana watoto wake wengi bado wana mkono ndani yao: sostener, kutegemeza, detener, kuzuia au kukamata, mantener, kudumisha, neno ambalo Kilatini kililiunga kwa manus, mkono. Wote hunyumbuliwa kama baba yao: detengo, detiene, detuvo, detendrá. Ukiijua tener umewajua na hao.

Amri yake nayo ni fupi ajabu, ten, kama zetu za njoo, nenda na lete zinavyojitenga na kundi. Ten cuidado, uwe mwangalifu. Lakini ten hutumika peke yake pia, wakati wa kumpa mtu kitu mkononi, pale ambapo sisi husema "shika". Kwa mtu wa heshima huwa tenga. Asubuhi ya pili, kabla hatujaondoka Horombo, nilimjazia yule mama kikombe cha chai ya tangawizi, nikampa kwa mikono miwili.

"Tenga, señora."

Akashika.