Pikapu ya dizeli inakata umeme halafu inarudi? Acha kukimbilia betri

Hii ishanichosha. Mtu analeta Hilux ya 3L au 5L, zile injini za dizeli za zamani za Toyota, anasema ikipita kwenye matuta dashibodi yote inazima, redio kimya, injini nayo inazima, akikaa kidogo umeme unarudi wenyewe. Namuuliza umefanya nini mpaka sasa, jibu nalijua kabla hajalimaliza: nimenunua betri mpya fundi. Na bado inakata.

Jamani, betri iliyochoka haina tabia hiyo. Ikichoka asubuhi starta inavuta kwa shida na taa zinafifia, unaona kabisa. Ipo betri moja moja iliyoachia kwa ndani ikawa inashika na kuachia, ila ni chache mno kuanza nayo. Umeme ukikata wote kisha ukarudi, kuna mahali waya haushiki vizuri, basi. Na wale wanaoapa betri mpya iliwaponyea gari kwa wiki nzima, wakati wa kuifunga si temino, zile klipu za waya zinazobana nguzo za betri, zilisuguliwa zikakazwa? Hiyo ndiyo dawa, ungeipata kwa kipande cha msasa na spana namba 10.

Sasa pima. Chukua multimita, weka volti za DC, ncha moja kwenye nguzo ya negativu ya betri, nguzo yenyewe sio temino, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mtu apige starta. Ikisoma chini ya 0.5 inavumilika, mimi napenda iwe 0.2 au pungufu, ikizidi 0.5 ethi yako, yaani njia ya waya wa negativu kwenda injini na chesisi, ni mbovu. Usipime kwa omu, yaani ukinzani, waya ukiwa hauna mzigo, utadanganyika, maana hata uzi mmoja uliobaki ndani ya kebo utaonyesha uko safi. Nimeshachana kebo ambayo kwa nje inang'aa, ndani shaba imekuwa unga wa kijani. Halafu fungua ile bolti ya ethi kwenye chesisi, chini yake utakuta kutu na rangi.

Cha kukusaidia zaidi: umeme ukikata, kabla hujafungua boneti jaribu honi na taa kubwa. Kwa Hilux nyingi za zamani hizo hazipiti kwenye swichi ya ufunguo, kwa hiyo zikiwaka na dashibodi imekufa, nenda nyuma ya swichi, angalia soketi iliyoungua ikawa kahawia. Vyote vikifa ni temino, ethi au maungio yaliyolegea ya fyuzi kubwa iliyo karibu na betri. Hapo tikisa waya mmoja mmoja taa zikiwa zimewashwa mpaka umpate mchawi.

Mengine haraka haraka. Eti dizeli haihitaji umeme ikishawaka: pampu ya 3L ina solenoidi, vali ya umeme ya kukata mafuta, umeme ukiondoka inafunga na injini inazima, na hizi dizeli mpya za D-4D ndio kabisa, kila kitu kiko kwa kontroboksi, kompyuta ya injini. Eti chomoa temino injini ikiwaka upime alternata: nani aliwafundisha hii? Volti zinaruka juu ghafla, unaunguza dayodi au kontroboksi yenyewe. Mita ikisoma kati ya 13.8 na 14.5 betrini injini ikiwa inawaka, alternata inachaji. Eti weka fyuzi kubwa zaidi: fyuzi iliyoungua hairudi yenyewe, umeme wako unarudi, kwa hiyo sio hiyo, na ukiweka kubwa utakachochoma ni waya. Eti mashine ya daignosisi haikuona kitu: kwenye 3L utaichomeka wapi?

Na tafadhali msikaze temino kwa msumari au kipande cha bati. Ikiwa imelegea haikazi tena nunua temino mpya, sugua, kaza, paka vaselini juu, halafu ongeza waya mnene wa ethi kutoka injini kwenda chesisi hata kama wa zamani unaonekana mzima. Mimi gari haitoki kwangu bila huo waya.