Je, wajua kwa nini darubini ya ndege ndiyo hiyo hiyo ya ndege?

Kiswahili hutumia neno moja kwa domokiatu anayesimama kimya kwenye kinamasi cha Mabamba na kwa Airbus inayoshuka Entebbe ng'ambo ya ghuba. Vyote ni ndege. Sarufi ndiyo inayotuokoa: ndege huyu, ndege hii. Waganda nao hawako mbali na sisi, maana kwao ekinyonyi ndiye mwenye manyoya na ennyonyi ndiyo yenye injini. Basi ukienda dukani kutafuta darubini ya macho mawili, huna haja ya kueleza unataka ya ndege yupi au ndege ipi. Inayomfaa mtalii anayemvizia domokiatu ndiyo itakayokufaa wewe unayetaka kusoma namba ubavuni mwa ndege ya Uganda Airlines. Shida ni zile zile: kitu chenyewe kinakwenda, kiko mbali, mikono inatetemeka, na mfuko una kikomo.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Darubini yangu ya kwanza niliinunua kwa mchuuzi mmoja barabarani Kampala. Ilikuwa na lenzi nyekundu zinazometameta, na juu yake imeandikwa 20x50. "Ssebo," akaniambia, "hii unaona mpaka Kalangala kule visiwani." Nikaibeba hadi ufukweni Entebbe. Ndege ya kwanza ikaja, na muda wote ilipokuwa ikishuka mimi nilikuwa natalii mawingu. Nilipoinasa, ilikuwa imeshagusa ardhi, na nilichokiona ni kitu cheupe kinachorukaruka kama kuku aliyeponea kisuni. Watoto waliokuwa wakichezea maji pembeni yangu waliiona vizuri zaidi kwa macho matupu.

Kosa langu lilikuwa kwenye namba ya kwanza. Darubini za aina hii huandikwa namba mbili, tuseme 8x42. Nane ni ukuzaji: ndege iliyo umbali wa mita 800 utaiona kana kwamba iko mita 100. Arobaini na mbili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani upana wa dirisha linaloingiza mwanga. Wengi wetu tunaisoma ya kwanza tu, kama mtu anayenunua mchele kwa uzito bila kuangalia mawe.

Ukuzaji hauna upendeleo. Unakuza ndege, na papo hapo unakuza mtetemo wa mikono yako, mapigo ya moyo wako, upepo wa ziwani unaokusukuma, na joto linalocheza juu ya lami. Kibaya zaidi, unapunguza eneo unaloliona. Darubini ya mara 8 iliyotengenezwa vizuri huonyesha, kwa umbali wa kilomita moja, upana wa mita 130 hadi 140. Ya mara 10 huonyesha kama mita 110. Ya mara 20 kama ile yangu haifiki hata 60. Sasa pima: Airbus A330-800 ya Uganda Airlines ina mabawa ya mita 64 kutoka ncha hadi ncha. Kwa umbali huo, 20x50 haiwezi kuionyesha ndege nzima kwa mara moja! Ndiyo maana nilikuwa naona mawingu tu. Nilikuwa natafuta ndovu kwa kutazama kupitia tundu la ufunguo.

Lakini je, mara 8 inatosha kuona cha maana? Hapa ndipo wengi hawaamini, kwa hiyo tupige hesabu.

Mpenzi wa kutazama ndege anachokiwinda hasa ni namba ya usajili. Kila nchi ina alama yake: 5X ni Uganda, 5Y Kenya, 5H Tanzania, 9XR Rwanda, ET Ethiopia. Baada ya hapo hufuata herufi za ndege yenyewe, na za Uganda Airlines hazikuokotwa tu. A330 zake mbili ni 5X-NIL na 5X-CRN, yaani mto Nili na korongo taji. Miongoni mwa zile ndogo za CRJ-900 kuna 5X-EQU ya Ikweta na 5X-KOB, iliyopewa jina la yule swala wa kwenye nembo ya taifa. Ukizisoma zote nne unakuwa kama umetembezwa nchi nzima bila nauli.

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka herufi hizo, zikiandikwa ubavuni mwa ndege, ziwe na kimo kisichopungua sentimita 30. Nenda sasa kwenye ubao wa daktari wa macho. Ule mstari anaotakiwa kuusoma mtu mwenye macho mazima akiwa umbali wa mita 6 una herufi za kimo cha karibu milimita 9. Uwiano huo ukiupeleka kwenye herufi ya sentimita 30, macho matupu yanaweza kuisoma kutoka mita 200 hivi. Zidisha kwa 8: mita 1,600. Zidisha kwa 10: mita 2,000. Njia kuu ya kurukia ndege ya Entebbe ina urefu wa mita 3,658, kwa hiyo hata hiyo mara 8 inayodharauliwa inakula karibu nusu ya njia. Ni hesabu ya karatasini, kweli. Mkono na joto vitakula sehemu yake. Ila vitakula zaidi kwa mwenye mara 20 kuliko kwa mwenye mara 8, na hilo mchuuzi hakuniambia.

Namba ya pili nayo ina siri yake. Igawe kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni zaidi kidogo ya 5. Hizo ni milimita za upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini kuingia jichoni. Mchana mboni ya jicho hujibana hadi milimita 2 au 3, na wakati huo darubini yoyote inaonekana nzuri. Jioni mboni inapanuka, na hapo zile ndogo za mfukoni za 10x25, zinazotoa milimita 2.5 tu, zinaanza kuonyesha giza wakati mwenzako mwenye 8x42 bado anasoma herufi. Entebbe iko kilomita kama tano tu kaskazini ya Ikweta, na jua la huku halina adabu ya kuaga, likizama limezama. Ndege kadhaa za Ulaya huingia jioni na usiku, basi dakika chache za mwanga hafifu ni mali.

Kuhusu vioo. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga unaoupiga. Ndani ya darubini mwanga hupita nyuso kumi au zaidi, kwa hiyo bila kinga theluthi nzima inaweza kupotea njiani. Kinga yenyewe ni utando mwembamba unaopakwa kwenye vioo. Kwenye boksi tafuta maneno "fully multi-coated", maana yake nyuso zote zimepakwa, tena tabaka kadhaa. Likiandikwa "coated" peke yake, huenda umepakwa uso mmoja kwa ajili ya kupiga picha ya tangazo. Dukani, elekeza lenzi kwenye taa na utazame taa inavyojirudia ndani yake: mng'ao hafifu wa kijani au zambarau ni dalili nzuri, mng'ao mweupe kama wa dirisha ni dalili mbaya. Na nyekundu inayowaka kama taa ya breki? Hiyo inarudisha nje mwanga mwekundu ambao ungetakiwa kuingia jichoni mwako. Inapendeza kabatini tu.

Kisha shika darubini mkono ukiwa umenyooka, ielekeze kwenye anga angavu, utazame yale maduara mawili madogo ya mwanga nyuma yake. Yakiwa mviringo safi, prizimu za ndani, yaani vipande vya kioo vinavyokunja njia ya mwanga, ni nzuri, kwa kawaida zile zinazoandikwa BaK-4. Yakiwa na kingo za kijivu kama pembe nne, zimebanwa. Mwisho tazama mnara wa simu ulio mbali kwa dakika nzima. Ukiona minara miwili, au kichwa kikianza kuuma, mapipa mawili hayakulingana. Irudishe hapo hapo, hata kama bei imeshuka mara tatu.

Kwa bei, dola 80 hadi 150 za Marekani, yaani takriban laki tatu hadi laki tano na nusu za Uganda, zinakufikisha pazuri. Chini ya hapo unacheza bahati nasibu. Kwa pesa hizo kuna maumbo mawili. Lile la zamani lenye mabega mapana, lenzi za mbele zikiwa zimeachana kuliko za nyuma, ni rahisi kutengeneza vizuri, kwa hiyo kwa bei ile ile mara nyingi linaonyesha picha bora. Nikon Aculon A211 ni ya kundi hilo, haizuii maji. Lile jembamba la mapipa yaliyonyooka ni jepesi na rahisi kuzibwa maji yasiingie, kama Celestron Nature DX, ila undani wake unadai ufundi zaidi, na zile za bei ya kutupa huwa na picha ya ukungu. Zinazobadilika ukuzaji, tuseme 10 hadi 30, ziache: pande mbili zinatakiwa kubadilika sawasawa kabisa, na kwa bei ya chini hazibadiliki sawa. Zile zisizo na gurudumu la kulengea, ziache pia. Mvaa miwani aulize jambo moja zaidi: jicho linaweza kukaa umbali gani kutoka kwenye kioo cha nyuma na bado likaona picha nzima. Zikipungua milimita 15, atakuwa anaona katikati tu.

Ningechagua umbo la kuzuia maji, hata likipoteza kidogo kwenye picha, kwa sababu ya ziwa. Unyevu wa pwani ya Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, huotesha kuvu kwenye vioo kama unavyootesha kwenye viatu vya ngozi vilivyosahauliwa kabatini. Kuvu ikishaota ndani, fundi wa kuiondoa atakudai pengine kuliko bei ya darubini. Usiihifadhi kwenye mfuko wake wa ngozi. Iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe unavyovikuta kwenye maboksi ya viatu vipya.

Kabla ya kutumia, funika pipa la kulia, lenga kitu cha mbali kwa jicho la kushoto kwa gurudumu la katikati. Kisha funika la kushoto, na bila kugusa gurudumu zungusha pete ya kioo cha nyuma cha kulia mpaka picha iwe kali. Unafanya hivyo mara moja tu. Watu hulalamikia darubini miaka mizima kwa sababu ya pete hiyo.

Mji wa Entebbe uko mashariki ya uwanja, na njia kuu imelala karibu kaskazini-kusini. Maana yake ukiwa upande wa mji, asubuhi jua liko mgongoni na rangi zinatoka vizuri. Alasiri unatazama jua usoni, jambo baya kwa picha na la hatari kwa macho, kwani darubini ikilikamata jua inaunguza jicho kwa kufumba na kufumbua. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ndio wakati wangu. Baada ya hapo lami inapata moto, mazigazi yanaanza, na herufi zinaogelea hata ukiwa na darubini ya bei ya gari.

Kaa mbali na uzio. Uwanja huo ni jirani wa jeshi la anga, na afande anayemwona mtu ana darubini na daftari la namba ana haki ya kuuliza maswali. Huko Ugiriki mwaka 2001 Waingereza kumi na wawili na Waholanzi wawili, wapenzi wa ndege tu, walikamatwa karibu na kambi ya jeshi la anga ya Kalamata, wakahukumiwa kwa ujasusi au kwa kuusaidia, na hawakusafishwa jina mpaka rufaa ya 2002. Ufukwe wenye watu, soda mezani, darubini ielekezwe angani: hapo huna kesi.

Ile 20x50 bado ninayo. Wapwa zangu huiegemeza kwenye ukuta wa uani usiku wakatazama mwezi, na kwa kazi hiyo sina lawama nayo, maana mwezi hautui Entebbe kwa kasi.